Tulikwenda Uhuru Park na redio

KILA mtu ana wazimu wake mdogo. Jirani yangu mmoja hapa Jericho hufuga njiwa, na mwingine hawezi kulala kabla hajatafuna hindi la kuchoma hata akiwa ameshiba. Wangu mimi ni wa namna tatu: redio, drafti na sherehe za serikali. Nikisikia kwamba mahali fulani kutakuwa na bendera, bendi na wakubwa wakila kiapo, miguu huanza kuniwasha. Mke wangu amesema mara nyingi kwamba lau ningezaliwa Uingereza ningeshinda nje ya jumba la Mfalme nikingoja kuona farasi.

Ugonjwa huo wa sherehe niliupata zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba, 1963, nilikuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja huko kwetu mashambani, na Nairobi sikuwa nimeiona hata kwa picha. Mwalimu wetu alikuwa na redio kubwa ya mbao. Aliiweka dirishani, nasi tukakaa nje kwenye nyasi tukiwa tumejitanda mablanketi. Saa sita ya usiku, mahali tunapopaita leo Uhuru Gardens karibu na barabara ya Langata, bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Kenya ikapandishwa mbele ya Mzee Jomo Kenyatta na mume wa Malkia. Sisi tulisikia makelele tu, kama mvua juu ya mabati. Baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kulia, alijifunika blanketi mpaka usoni. Tangu usiku ule nimeamini kwamba jambo kubwa halijatendeka mpaka redio iseme.

Redio yangu mwenyewe niliinunua mwaka 1974 kwa mshahara wangu wa kwanza wa ukarani. Inakula betri nne kubwa, au mawe kama tulivyozoea kuyaita, na yakichoka huyaanika juani juu ya mabati, nayo hupata nguvu za kusema kwa siku mbili zaidi. Vijana hunicheka wakiona mawe yangu yamepangwa juani kama samaki. Wacheke. Redio hiyo ndiyo iliyonifundisha adabu, kwani kila Jumapili nilimsikiliza Leonard Mambo Mbotela akiuliza kama jambo fulani ni ungwana au si ungwana, katika kipindi alichokianzisha mwaka 1966. Alipotutoka Februari 2025 niliizima siku nzima, jambo ambalo sikumfanyia hata shangazi yangu.

Na kama wapenzi wengi wa redio wa rika langu, huenda nayo mahali penyewe. Mwaka 1987, Misri walipotufunga bao moja kwa bila katika fainali ya Michezo ya Afrika kule Kasarani, nililiona bao hilo kwa macho yangu, lakini nilisononeka kikweli niliposikia mtangazaji akilisema. Mtu asiyenielewa hapo hatanielewa kamwe.

Drafti ni hadithi fupi. Chini ya mti mmoja karibu na nyumba yetu hukaa fundi wa viatu. Ana ubao wa drafti alioupaka rangi mwenyewe na vifuniko vya soda, vingine vimelala chali na vingine kifudifudi, ili tujue nani ni nani. Nilijuana naye kwa sababu ya sherehe. Tarehe 30 Desemba, 2002, nilikwenda Uhuru Park kumwona Mwai Kibaki akiapishwa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa na plasta baada ya ajali ya gari, na Rais Moi akimkabidhi nchi baada ya miaka 24. Watu walikuwa wengi kiasi kwamba mtu hakuhitaji kusimama kwa miguu yake, alibebwa tu na wenzake. Katika kubebwa huko kiatu changu cha kushoto kilinitoka, nami sikuweza kuinama kukiokota. Nilirudi Jericho nikichechemea na kiatu kimoja. Fundi akaniangalia kutoka juu hadi chini, akasema, "Mzee, naona kingine kimebaki na serikali mpya." Akanikalisha, akanipa ndara za kuazima, akatandaza ubao. Tumecheza tangu siku hiyo, na yeye ndiye hushinda mara nyingi.

Sasa, msomaji wangu, nikueleze jambo lililonitoa nyumbani tena mwaka 2010, kwani safari ile haikuwa ya wazimu peke yake.

Nina wajukuu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 2000, nao wote wawili walizaliwa ng'ambo ya mpaka wa Malaba, katika nchi ya Uganda. Mmoja ni wa mwanangu wa kiume, aliyekuwa akifanya kazi Kampala akaoa huko huko. Wa pili ni wa binti yangu, aliyeolewa Jinja na kijana wa Kiganda, mtu mzuri aliyetuheshimu sana. Kijana huyo alifariki mwaka 2005, na mwaka uliofuata binti yangu akarudi kwangu na sanduku moja na mtoto mmoja.

Watoto hao walilala kitanda kimoja na kula sahani moja, na wakigombana waligombania mfupa mmoja. Lakini wa mwanangu alikuwa Mkenya na wa binti yangu hakuwa. Sheria ya zamani ilikuwa hivyo. Mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alipata uraia kwa baba yake. Kama baba ni Mkenya, mtoto ni Mkenya, hata mama awe wa nchi gani. Kama Mkenya ni mama tu, basi mtoto amfuate baba yake aendako, na baba wa huyu wetu alikuwa ameshazikwa Jinja.

Nilikwenda na binti yangu kwenye ofisi moja mjini, nimevaa koti langu la kanisani. Karani aliyetupokea hakuwa na ubaya wowote. Alizipekua karatasi zetu, akamtazama mtoto, akasema kwa sauti ya pole, "Mzee, mtoto hufuata baba." Nikamwambia mbona mimi ni babu yake, na baba yangu mimi alizaliwa na kuzikwa nchi hii. Akasema anaelewa. Tukarudi. Tulikwenda tena mwaka uliofuata, naye mtu mwingine akatuambia maneno yale yale, ila huyo hakuwa na pole. Mtoto akawa anakaa kwetu kwa karatasi za ruhusa, ambazo ilibidi zifuatwe kila zilipokwisha muda, na shuleni wenzake wakimwita "yule Mganda". Yeye alikuwa akicheka. Ila usiku mmoja nilimsikia akimwuliza mwenzake kitandani kama watafukuzwa wote au atafukuzwa yeye peke yake.

Hapo nikumbushe kidogo habari ya baba yangu. Alipokuwa kijana alivaa kipande shingoni, kile kikopo cha bati kilichotiwa karatasi yenye alama za vidole vyake na jina la Mzungu aliyemwandika kazi. Serikali ya kikoloni ilianza kuwavisha wanaume Waafrika vitu hivyo baada ya vita ya kwanza, na Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi ili asipotee. Mwaka 1947 wakabadilisha, vikaja vitambulisho vya watu wa rangi zote, visivyovaliwa shingoni, lakini baba hakusahau. Hata uzeeni, akifikiri sana, mkono wake ulikuwa ukipanda kifuani kutafuta kikopo ambacho hakikuwapo. Nami mwanawe nikawa nazunguka maofisini nikiomba mtoto wetu naye apewe kipande! Niliwaza kwamba mzee angefufuka angenicharaza bakora.

Basi ikaja habari ya Katiba. Sisi watu wazima tulikuwa tumeshachoka na habari hiyo. Mwaka 2005 tulipiga kura ya ndizi na chungwa, chungwa likashinda, rasimu ikaanguka. Kisha yakaja mambo ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, ambayo sina haja ya kuyasimulia, kwani watu zaidi ya elfu moja walikufa na kila nyumba ina yake. Kofi Annan akaja akawakalisha wakubwa mezani, na katika waliyokubaliana likawamo hilo la kuandika Katiba upya. Kamati ya wataalamu chini ya wakili Nzamba Kitonga ikaandika. Rasimu ilipotoka niliipata nakala, nikawa naisoma jioni baada ya taarifa ya habari, penseli mkononi, kama mtu anayesoma barua ya mkwe.

Nilipofika Ibara ya 7 nilifurahi, kwani ilisema Kiswahili si lugha ya taifa tu bali pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Nilimwita mke wangu nikamsomea. Akauliza kama itapunguza bei ya unga. Nikaendelea. Nilipofika Ibara ya 14 nilisoma mara moja, nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Ilisema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au asizaliwe Kenya. Mama au baba. Na chini yake ikaongeza kwamba hayo yatawahusu hata waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika. Sikumwita mtu. Niliogopa kwamba nikisema kwa sauti maneno yatabadilika.

Kesho yake nilikwenda na nakala yangu chini ya mti nikamsomea fundi. Alinisikiliza huku misumari ikiwa mdomoni. Yeye alikuwa amekwisha kata shauri kuipinga. Ni mtu wa kanisa, na kanisa lake halikukipenda kifungu kuhusu kutoa mimba wala kile cha mahakama za Kadhi. Alitema misumari, akasema, "Mzee, siwezi kumeza ng'ombe mzima kwa sababu ya ulimi wake mtamu." Nikamjibu kwamba huyo ng'ombe ana mjukuu wangu tumboni. Tukanuniana. Wiki mbili sikucheza drafti, nikawa napitia njia ya nyuma ya nyumba kama mwenye deni.

Tarehe 4 Agosti, 2010, tulipiga kura, kijani kwa waliokubali na nyekundu kwa waliokataa. Watu zaidi ya milioni 6 walisema Ndiyo, na zaidi ya milioni 2 na nusu wakasema La. Redio ilipotangaza, niliwatazama wajukuu wangu wakicheza mpira wa makaratasi nje. Nikatangaza kwamba siku ya kutiwa sahihi nitakwenda, na nitakwenda na yule wa Jinja.

Nyanyake alikataa katakata. Alikuwa na sababu. Mwezi wa Juni tarehe 13, katika bustani hiyo hiyo ya Uhuru Park, milipuko ilitokea kwenye mkutano wa maombi wa wale walioipinga rasimu, na watu wakafa. "Wewe nenda," akaniambia, "umeshakula chumvi nyingi. Mtoto utamwacha hapa." Tulibishana siku tatu. Sikumwambia jambo lililokuwa moyoni, yaani kwamba nilitaka mtoto awepo mahali penyewe, asije akaambiwa baadaye kwamba hayo yalisemwa nyuma yake. Mwisho binti yangu ndiye aliyeamua. Alisema, "Mama, mwache aende na babu yake. Ni yake." Nyanyake akanyamaza, akaenda kukanda unga wa maandazi ya safari.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, tarehe 27 Agosti, nayo ilikuwa sikukuu. Tulirauka saa kumi ya alfajiri. Agosti ya Nairobi mnaijua, ule ubaridi wa kupenya mifupa. Mtoto alivaa sweta mbili, nami nikafunga kamba za viatu mafundo mawili mawili, kwani nilikuwa na funzo langu. Tulipopita penye mti wa fundi nilimkuta ameshawasha moto wa vikaratasi. Tulikuwa hatujasemezana. Alitazama miguu yangu, akasema, "Angalia usirudi na kimoja." Nikasema, "Nimefunga." Hayo tu.

Tulishika barabara ya Jogoo kwa miguu, tukapita City Stadium, tukaingia Landhies, tukapita Muthurwa ambako wachuuzi walikuwa wameanza kupanga nyanya zao gizani, kisha Haile Selassie. Tulipofika pale palipolipuliwa ubalozi wa Marekani mwaka 1998 mtoto aliniuliza ni bustani gani ile, nikamwambia nitamweleza siku nyingine. Kadiri tulivyokaribia ndivyo watu walivyozidi kuongezeka. Wengine walikuwa na bendera, na vijana wakipuliza yale matarumbeta ya plastiki, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia kule Afrika Kusini na kelele zake zilikuwa bado hazijatutoka masikioni.

Penye lango askari walikuwa wakipekua kila mtu. Akija mzee na redio kubwa kuliko Biblia, bila shaka ni lazima ifunguliwe. Nikaifungua mimi mwenyewe kwa heshima, lakini mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, na jiwe moja likaniponyoka likabingirika katikati ya miguu ya watu. Redio ya mawe manne haisemi kwa matatu. Niliduwaa pale nimeshika matumbo ya redio mkononi, watu nyuma wakinisukuma wakisema "Songa, Mzee!" Mjukuu wangu alipiga magoti akapotea. Nilianza kuita. Nadhani katika maisha yangu sijapata kuwa na dakika ndefu kama ile. Ningerudi vipi kwa nyanyake? Kisha akaibuka upande wa pili wa kamba, amechafuka magoti, jiwe liko mkononi, akicheka.

Tulipata nafasi mtelemkoni, kwenye nyasi, mbali na jukwaa. Wale mnaopenda bustani ile mkumbuke kwamba ingekuwa imekwisha kumezwa. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60, na Wangari Maathai alipolipinga alitukanwa mpaka ndani ya Bunge. Aliendelea kupinga, na jumba halikujengwa. Nyasi tulizokalia asubuhi ile zilikuwa zake. Nilimwambia mtoto, lakini yeye alikuwa akitazama mashua kwenye kiziwa.

Jua lilipotoka tulianza kuona magari ya wageni. Museveni alikuwapo, na Kagame, na Kofi Annan mwenyewe, ambaye watu walimshangilia kama mwana wa nyumbani. Mara mnong'ono ukapita mtelemko mzima kwamba Rais Bashir wa Sudan naye amekuja. Hilo liliwashangaza wengi, kwani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati akamatwe. Mama mmoja jirani yetu, amejifunga leso kiunoni, aliuliza mbona siku ya sheria mpya tumekaribisha mtu anayetafutwa na sheria. Hakuna aliyemjibu, nami jibu sina hata leo.

Vipaza sauti vilikuwapo, lakini pale tulipokaa sauti ilifika imekatikakatika, na matarumbeta yakimalizia kilichobaki. Hapo ndipo redio yangu ilipopata heshima yake. Niliifungua, na katika dakika chache tukawa tumezungukwa na watu kama ishirini wakiinamisha vichwa. Yule mama wa leso akawa ndiye msimamizi. Kila aliyepiga tarumbeta karibu nasi alimnyooshea kidole. Tulisikiliza maombi ya viongozi wa dini, tukasikiliza hotuba. Mimi nilikuwa na raha isiyosemeka, kwani mtangazaji alikuwa akiniambia mambo yaliyokuwa yakitendeka mbele ya macho yangu.

Lakini mawe yangu yalikuwa yameanikwa mara nyingi mno. Sauti ikaanza kupungua, ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, na wakati huo huo mtangazaji akasema Rais anasogea mezani. Watu wakapiga kelele, "Mzee, usituangushe!" Nikayatoa. Kijana mmoja akachukua mawili akayauma kwa meno, kama tulivyokuwa tukifanya zamani, na ninashangaa alijifunza wapi. Mawili mtoto aliyaweka kwapani, ndani ya sweta zake mbili. Tukahesabu mpaka thelathini, tukayarudisha. Redio ikakohoa. Ikasema maneno matatu au manne, na katika maneno hayo nililisikia neno "sahihi". Halafu ikakata kabisa.

Hatukuhitaji tena. Makelele yalianza kule mbele penye jukwaa yakapanda mtelemko mpaka kwetu, na ilikuwa sauti ile ile ya mwaka 1963, mvua juu ya mabati, ila safari hii nilikuwa ndani ya mvua yenyewe. Kwa mbali nilimwona marehemu Kibaki, mtu mdogo kama punje, ameinua kitu juu. Yule mama alinikumbatia pamoja na redio yangu. Kisha mizinga ikaanza kulia, 21, na mtoto akihesabu kwa vidole. Mpaka leo hatukubaliani. Mimi nilihesabu ishirini, yeye anasema ishirini na moja, na serikali iko upande wake.

Mizinga iliponyamaza alinivuta koti.

"Babu, tayari?"

"Tayari."

"Nimeshakuwa?"

"Umeshakuwa. Tangu siku uliyozaliwa."

Alifikiri kidogo, akajishika tumbo, akajishika kichwa. "Mbona sisikii kitu?" akauliza. Kisha akaomba andazi.

Baadaye Rais aliapa upya chini ya Katiba mpya, na Makamu wake Kalonzo Musyoka na Waziri Mkuu Raila Odinga nao wakaapa. Wimbo wa taifa ulipopigwa mtoto aliuimba wote, beti zote, jambo ambalo mimi mwenyewe siliwezi bila kuchungulia. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kwa ajili ya siku hiyo. Alikuwa akiuimba shuleni kila Jumatatu na kila Ijumaa kwa miaka minne.

Tulirudi kwa miguu vile vile, tukiwa tumebabuka kwa jua maana baridi ilikuwa imekimbia. Fundi alikuwa bado yupo chini ya mti wake. Aliangalia viatu vyangu, akaona viwili, akatikisa kichwa kama mtu aliyepoteza dau. Akatandaza ubao bila kusema. Tulipocheza mchezo mmoja, akashinda, akasema huku akipanga vifuniko upya, "Mimi nilipiga nyekundu, na leo tukirudia nitapiga nyekundu. Lakini hilo la mtoto lilikuwa haki." Nikamwambia asante. Mchezo wa pili nilishinda mimi, na sitaki kufikiri kwamba aliniachia.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Katiba inasema kwa siku moja, lakini meza za maofisi husikia polepole. Sheria ya uraia iliyoendana nayo ilipitishwa mwaka 2011, na mjukuu wangu alipotimiza miaka kumi na minane, mwaka 2018, akaenda kuomba kitambulisho chake. Aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa. Akaleta, cha Jinja. Akaambiwa alete kitambulisho cha mama. Akaleta. Akaambiwa alete cha babu. Nikaenda mwenyewe, na nilibeba nakala yangu ya Katiba ambayo sasa imekuwa laini kama kitambaa, ukurasa wa Ibara ya 14 umetiwa penseli. Kijana aliyekuwa mezani aliutazama ule mstari wa penseli, akanitazama mimi, akaandika kitu. Tulingoja miezi kadhaa. Binamu yake aliyezaliwa Kampala alikuwa ameshapata chake zamani, naye alikuwa akikificha kila mwenzake akiingia chumbani.

Kilipotoka alikileta moja kwa moja mpaka chini ya mti. Nilikuwa nimekabwa vibaya, vifuniko vyangu viwili viko hatarini. Alikiweka katikati ya ubao bila kusema neno. Nilikichukua, nikakigeuza, nikaona alama ya kidole chake, nikamkumbuka baba na kikopo chake cha bati. Nikampa fundi. Fundi siku hizi haoni vizuri. Alikisogeza karibu na jicho, akakisogeza mbali, akasema picha hiyo imemfanya afanane na mwizi wa kuku. Kisha akakirudisha kwa mjukuu wangu kwa mikono miwili.

"Kiweke mfukoni," akamwambia, "babu yako ana deni la kucheza."